Dada Skola, Kichwa Changu Kitajibu Chenyewe

Mpanda mjini, kiangazi

Mpendwa Dada Skola,

Kabla hujasoma mstari wa pili, tazama nyuma yako. Kama mama mkwe yupo uani, au shemeji amekaa karibu akisubiri kusomewa habari za Mpanda, ikunje barua hii uifiche, kisha utoe ile karatasi nyingine niliyoitia ndani ya bahasha hii hii. Ile ina salamu tu. Nimeandika kwamba mahindi ya Mwamkulu yamepatikana kiasi, kwamba nina afya njema, na kwamba nawasalimu wote, mkubwa kwa mdogo. Hiyo wasomee kwa sauti, kila mtu aitikie jina lake likitajwa, kama ilivyo desturi barua ikifika nyumbani. Hii isome peke yako, ukiwa umetoka kwenda kuanika dagaa. Ukimaliza, ichome. Nakusihi kwa jina la marehemu mama, neno lolote la humu lisitoke mdomoni mwako. Usilitaje hata ukienda kuungama, maana hii si dhambi yako.

Utaona mwandiko wangu umepinda. Sijaanguka, Dada. Ni woga tu.

Unajua kwamba mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika barua za mkubwa wa ofisi na kupanga mafaili, na naifanya kwa uangalifu mpaka wenzangu wananicheka. Tangu kiangazi kianze nimeazimwa hospitali. Amekuja daktari kutoka Dar es Salaam, mama wa makamo, mpole, aliyesoma mbali, na amekuja na mashine ya kupima vichwa. Imesemekana kwamba huku kwetu watu wenye ugonjwa wa kuanguka ni wengi, Mpimbwe, hapa mjini na kwa wakimbizi wa Katumba, naye anataka kujua ubongo wao unafanya nini. Alihitaji mtu mwenye mwandiko mzuri, anayejua Kiingereza na anayesikia Kipimbwe. Ofisi nzima ile, mkubwa wangu akanitazama mimi.

Nikueleze mashine yenyewe ilivyo, upate kuelewa ninachokiogopa. Mgonjwa anakalishwa kwenye kiti cha mbao chenye mikono. Nywele zake zinagawanywa kwa kitana, kisha Daktari anabandika juu ya ngozi ya kichwa vipande vidogo vya madini, kila kimoja na waya wake, kwa dawa nzito nyeupe yenye chumvi. Nyaya zote zinaingia kwenye sanduku. Mbele ya sanduku kuna kalamu nyembamba zilizojipanga, na chini ya kalamu karatasi ndefu inatembea. Hakuna kinachoingia kichwani. Nyaya zinasikiliza tu. Ubongo una umeme wake, mdogo mno, na kalamu zinauandika kama mawimbi ya ziwa lenu siku isiyo na upepo.

Kisha Daktari anakiuliza kichwa maswali, ila si kwa mdomo. Anawasha taa inayomweka usoni, inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Au anagonga vijiti viwili karibu na sikio. Au anamgusa mgonjwa kidole. Kila anapouliza hivyo, kalamu ya chini kabisa inaweka alama. Kazi yangu ni kuikata karatasi penye alama, kuvibandika vipande juu ya kioo cha dirisha, kimoja juu ya kingine, jua likipenya kwa nyuma, na kufuatisha kwa penseli lile wimbi linalorudi kila mara mahali pale pale.

Siku ya kwanza niliona vurugu tupu. Nikamwambia, "Daktari, hapa sioni jibu. Naona fujo."

"Fujo hiyo ni ubongo unaongea mambo yake," akasema. "Wewe ukiwa gulioni, mtu akikuita mara moja, utasikia?"

"Huenda nisisikie."

"Na akikuita tena na tena, kwa jina lile lile?"

"Nitageuka, Daktari."

"Basi, na sisi tunauita tena na tena. Kelele haziji mara mbili kwa namna moja, zinafutana. Jibu linarudi."

Na kweli linarudi. Ukitazama vipande vingi kwa pamoja, lile wimbi dogo linajitokeza kama njia ya miguu kwenye nyasi, iliyopitwa na wengi. Mwisho nachora duara, kichwa kikitazamwa kutoka juu, pua mbele, masikio pembeni, na kutia wino mzito pale jibu lilipokuwa kubwa. Swali la taa linajibiwa kisogoni. Mkono wa kulia ukiguswa, jibu linatoka upande wa kushoto wa utosi. Inakuwa ramani, Dada, ramani ya kichwa cha mtu, kama ile ya mkoa iliyoko ofisini.

Ningeipenda kazi hii kuliko kazi zote kama ningekuwa mtu mwingine. Lakini kila taa inapoanza kumweka mimi nageukia ukutani na kujifanya natafuta mkasi. Wewe unajua kwa nini. Tangu mama afe na baba amfuate, hapa duniani ni wewe peke yako unayejua.

Unaikumbuka baiskeli ya baba? Tulikuwa tunatoka Mwamkulu kuja mjini asubuhi, jua bado liko chini, mimi nimekaa kwenye bomba mbele ya baba, wewe nyuma kwenye keria na kuku wawili miguuni. Mimi nakumbuka jua likikatwa na miti ya kando ya njia. Mwanga, giza, mwanga, giza. Baada ya hapo sikumbuki kitu. Yaliyobaki uliniambia wewe: kwamba niliruka kama niliyepigwa, kwamba baiskeli ilianguka na kuku wakakimbilia porini, kwamba baba, mtu mzima yule, alisimama mbali ameshika kofia yake. Wapita njia wasiotujua walizunguka kwa mbali, wakawa wanapiga kelele, "Msimguse! Mkiguswa na mate yake na nyie mtaanguka!"

Wewe ulipiga magoti ukanifuta mdomo kwa pindo la kitenge chako.

Nilipozinduka nilikuona wewe kwanza. Ulikuwa msichana mdogo bado, na uso wako ulikuwa na vumbi lililochorwa mistari ya machozi, lakini ulinikemea kama mama mzima: "Umewapoteza kuku wa watu. Simama."

Tulipofika nyumbani mama alikusugua mikono kwa jivu mpaka ukalia. Mimi nikatengewa sahani ya bati, ile yenye ua lililobanduka katikati, nikaambiwa nitakula peke yangu kwenye pembe ya jiko. Sikumlaumu mama hata wakati ule. Alikuwa na watoto wawili, na aliamini anaokoa mmoja. Jioni ile ulikuja na ugali wako mkononi, ukachovya kwenye mboga yangu. Mama akapiga ukelele, "Skola! Unataka kufa?"

Ukamjibu mdomo umejaa, "Nimeshameza, mama. Sasa nisubiri nife kwanza, au nimalize?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka, lakini hakukuondoa. Kuanzia siku ile sahani ya bati ikawa ya wawili.

Na jicho. Nataka nikukumbushe habari ya jicho, maana ndilo lililonifikisha hapa nilipo. Tulikuwa kwenye majaruba, maji yamejaa, jua linacheza juu ya maji kati ya miche ya mpunga. Nikaanza kupotea. Wewe ulikuwa umegundua kitu ambacho mimi sikukigundua: kwamba nikivuta manati na kufumba jicho moja kulenga ndege, sipotei kamwe. Ukanirukia, ukanibandika kiganja chako chenye tope juu ya jicho la kulia, ukakikaza. Ile hali ikanipita kama gari linalopita bila kusimama.

"Jua lina mchezo wa kuingia mlango huu na kutoka mlango ule," uliniambia. "Tukifunga mlango mmoja, linabaki nje."

Sijui ulilitoa wapi neno hilo. Najua kwamba toka siku hiyo nimeishi kwa hilo. Nilipokwenda sekondari Tabora, kwenye treni jua la jioni likipita kati ya miti, nilikaa nimejifunika jicho moja kwa kiganja, na wanafunzi wenzangu wakaniita Chongo. Nilikubali jina. Afadhali Chongo. Nimeanguka mara chache tu tangu niwe mtu mzima, kila mara nikiwa peke yangu, na kila mara nimeamka na ulimi una jeraha na nguo zina aibu, nikafua kabla watu hawajaamka.

Sasa nikukumbushe na siku ya mshenga, ingawa najua huipendi. Watu wa Karema walipokuja kukuposa, waliuliza wanachouliza watu wote: je, ukoo huu una ukoma, una wazimu, una ugonjwa wa kuanguka? Mama alikuwa amejua watauliza. Asubuhi ile alinituma kwenye majaruba kufukuza ndege, akaniambia nisirudi mpaka nione moshi wa jiko umekatika. Akasimama mbele ya wageni akasema, "Kwetu hakuna." Wewe ulikuwa ndani na kina dada wa jirani wakikupaka mafuta, ukasikia mama akisema "kwetu hakuna," ukauliza mdogo wako yuko wapi.

Ulitokea mlango wa nyuma na kitenge kipya. Ulinikuta nimelala kifudifudi majini. Hapo pia mimi sikumbuki, nakumbuka tu mgongo wangu ukipigwa, na maji yakitoka puani, na wewe ukisema, "Pumua, pumua, leo ni siku yangu, usiniharibie." Ukanilaza juu ya tuta, ukarudi mbio. Uliingia mbele ya mshenga umeloa tope mpaka kiunoni.

Mshenga akasema, "Ehe! Binti kapatwa na nini?"

"Nimeteleza, baba."

"Kateleza akienda wapi siku ya kuposwa?"

Na mama, bila kupepesa, akasema, "Ni mchapakazi huyu. Hata leo hakuweza kuliacha shamba."

Wakacheka wote, wakasema Karema inataka wanawake wa namna hiyo. Ndivyo ulivyoolewa, Dada. Usiku wake mama alituweka wawili mbele yake, akashika mkono wako na wangu, akasema, "Msiseme. Kwa mtu yeyote. Ukisema wewe, huyu hatapata kazi. Ukisema wewe, huyu atarudishwa nyumbani na watoto wake." Tukaitikia. Tumelishika neno lake mpaka leo.

Nami nimeona mwisho wa asiyeweza kulishika. Hapa ofisini alikuwepo tarishi, kijana mnyamavu, aliyeanguka mbele ya meza ya mkubwa. Aliondolewa kazini kabla hajapata nguvu ya kusimama vizuri. Hilo peke yake ningeweza kulivumilia. Lakini kiti alichokuwa anakalia walikitoa nje, wakakichoma nyuma ya choo, nami nikaambiwa nisimamie moto usishike nyasi. Nilisimama pale, Dada, natazama miguu ya kiti inavyoungua, nimejifunika jicho moja kwa sababu ya miali. Nikasema ni moshi.

Sasa nikuambie lililotokea.

Alikuja mgonjwa kutoka Katumba, mkulima wa tumbaku, jina lake Melkiori. Mkono wake mmoja umekunjamana wote kwa makovu, alianguka penye moto wa jikoni. Ni mtu wa mzaha. Ramadhani, dereva wa Landrova inayowaleta wagonjwa, alimkejeli mlangoni: "Mzee, wakikufungulia kichwa wakikuta tumbaku tu?"

"Wakikuta tumbaku waipeleke mnadani," akasema Melkiori. "Lakini wewe wasikufungue. Watakuta pancha."

Tulicheka. Daktari akambandika nyaya, akamfumbisha macho, akawasha taa. Mimi nikageukia ukutani kama kawaida yangu. Lakini masikio hayana kope, Dada. Nilisikia kalamu. Kwa kawaida zinakwaruza ovyo, kila moja na lake, na sasa nikasikia zote zinaanza kuruka pamoja, kwa kishindo kimoja, mwendo mmoja na ule wa taa. Niligeuka. Midomo ya Melkiori ilikuwa imeanza kucheza pembeni. Wauguzi wawili waliokuwa mlangoni walikuwa wamesharudi nyuma.

Sikufikiri. Nilivuka chumba nikambandika kiganja juu ya jicho lake la kulia, nikakikaza. Nilifanya ulivyofanya wewe, hata namna ya kukaza kidole gumba kwenye paji la uso. Taa ilikuwa bado inamweka. Kalamu zikapunguza kishindo, zikapoteana, kila moja ikarudi kwenye fujo yake. Melkiori hakuanguka. Mimi nilikuwa nimefumba macho yangu yote mawili, jasho linanitoka.

Daktari alizima taa. Hakunitazama mimi kwanza, alitazama karatasi. Kisha akasema polepole, "Hilo la kufunika jicho limo vitabuni, Ndugu Karani. Lakini vitabu hivyo haviko Mpanda. Umelijulia wapi?"

Nilisema, "Nimejaribu tu."

Melkiori alikuwa bado kwenye kiti, nyaya zimening'inia kama ndevu. Akanishika mkono, akautazama kiganja, akasema kwa sauti ya chini, "Mkono huu unaijua njia, mdogo wangu." Na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Ungedhani limeishia hapo. Ramadhani, ambaye hana ubaya wowote ila mdomo, alikuwa amesikia Daktari akisema anahitaji kichwa kizima cha kulinganisha na vya wagonjwa, na kwamba watu wanakataa kwa kuhofia nyaya zitawanyonya akili. "Mpimeni Karani!" akapaza sauti. "Kichwa chake ndicho kizima kuliko vyote wilayani. Tena kina akili za ziada, zikinyonywa kidogo atapungua maringo." Aliporudi ofisini akamwambia mkubwa. Mkubwa akafurahi kweli. Amesema mwisho wa mwezi atakuja na wageni wake, na wazee wa vijiji, waone kwa macho yao karani wa serikali, kijana msomi, akikaa kwenye kiti na kusimama salama, ili watu waache kuogopa. Amenipigapiga begani. Amesema ninaliletea taifa faida.

Sasa fikiria, Dada. Mimi kwenye kiti, macho yamefumbwa, mikono imetulia juu ya mbao, mkubwa na wageni wamesimama, na ile taa mbele ya uso wangu. Kwa miaka yote hii nimeufunga ulimi. Nimejifunza namna ya kukaa, upande wa kukaa, saa ya kutoka nje. Lakini nyaya haziuulizi ulimi. Zitakiuliza kichwa, nacho kitajibu chenyewe, tena na tena, na jibu litachorwa kwa wino mbele ya watu.

Nilifikiri kukimbia. Nimetazama treni ikiondoka mara nyingi wiki hii. Nilifikiri kusema nina homa. Nilifikiri hata kuumwagia maji ya chumvi ule mkanda wa karatasi uharibike, halafu nikaona haya, kwa sababu ya Melkiori na mkono wake.

Juzi Daktari alinibakisha baada ya kazi. Tulikuwa tunabandua vipande dirishani. Alisema bila kunitazama, "Tuseme yupo mtu anayeanguka, na anaficha. Mtu huyo angekuja kwangu kabla ya siku ya wageni, asubuhi, mlango umefungwa, ningempima kama mgonjwa wangu na si kama maonyesho. Siku ya wageni ningepata kichwa kingine. Cha Ramadhani, labda, kama pancha yake imezibwa."

Nilikata karatasi pasipo na alama.

"Zipo dawa," akaendelea. "Vidonge. Vinawafaa wengi, wasianguke kabisa au waanguke mara chache. Lakini ziko aina zaidi ya moja. Mashine itanionyesha kichwa kinavyojibu taa. Haitanionyesha mtu huyo anaangukaje. Napaswa kujua kunaanzia wapi, mkono upi unatangulia kukakamaa, kabla sijachagua."

Nikajikuta nimesema, "Mtu huyo hajioni, Daktari."

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo maana nauliza nani anamwona."

Dada, miaka yote hii nimefikiri siri yangu ninayo mimi. Sinayo. Mimi sijawahi kujiona. Nina mwanga na giza, halafu nina uso wako wenye vumbi. Kilichopo katikati unacho wewe, ulikibeba ukaenda nacho Karema, chini ya nguo za harusi. Hata ningetaka kusema yote, ningesema nini? Sijui mkono upi.

Ndiyo ninachokuomba. Na nakiomba kwa hofu, kwa maana najua bei yake kwako. Ramadhani anaendesha Landrova mpaka huko kwenu kufuata wagonjwa, na anaongea njia nzima. Ikijulikana kwamba karani wa hospitali ni mmoja wa wanaoanguka, na kwamba karani huyo ni ndugu wa mke wa fulani, mama mkwe wako atakumbuka lile tope. Watawatazama watoto wako kila wakisinzia, kila wakijikwaa. Nimeota shemeji amekutengea sahani. Daktari ameapa kwamba jina la mgonjwa wake halitoki chumbani, nami namwamini, lakini mlango wa chumba kile ni wa mbao na mji huu ni mdogo.

Kwa hiyo nimeamua nusu yangu, nawe uamue nusu yako. Nusu yangu ni hii: nitakaa kwenye kile kiti Ijumaa ya mwisho ya mwezi, kabla ya siku ya wageni. Nitamwambia Daktari, "Mimi ndiye." Naogopa, lakini nimechoka kuzifua nguo zangu gizani, na nimekiona kile kiti kikiungua, na sitaki kusubiri changu kiwashwe na watu wengine. Nitasema ni mimi peke yangu katika ukoo, jambo ambalo ni kweli, na jina lako sitalitaja hata wakinibana.

Nusu yako sikulazimishi. Usiniandikie. Barua zinazokuja ofisini kwa jina langu zinapita mezani kwa mkubwa, na siku hizi ananipenda, anazifungua kwa mapenzi. Fanya hivi. Lori la samaki likija Mpanda, mpe dereva furushi, mwambie alifikishe kwa Mama Tatu anayeuza samaki sokoni, ni la mdogo wako karani. Dada kumtumia ndugu yake samaki hakumshangazi mtu. Kama mkono wangu wa kulia ndio unaotangulia, nitumie migebuka, wale samaki wakubwa. Kama ni wa kushoto, nitumie dagaa. Kama kichwa kinageuka kwanza kabla ya mikono, wafunge kwa kipande cha kitenge badala ya kamba. Nitamwambia Daktari nimekumbuka mwenyewe. Na usipotuma kitu, nitajua umeshindwa, na sitakulaumu, wala siku tukionana sitauliza.

Lakini kama utathubutu kuja mwenyewe, waambie nyumbani unakwenda kung'oa jino. Shukia sokoni, usipite kwangu, majirani zangu wana macho. Njoo moja kwa moja hospitali asubuhi ya Ijumaa hiyo, ukae kwenye benchi la wagonjwa wa meno, karibu na dirisha lenye vipande vya karatasi. Mwulize Daktari, si muuguzi, mwambie umemletea karani chumvi. Nitakuwa nimemwomba amwingize atakayetaja chumvi, bila kumwambia ni nani. Utanikuta nimekaa kwenye kiti, nyaya kichwani, macho nimefumba. Usiniite jina, watasikia mlangoni. Njoo tu polepole kwa nyuma, unifunike jicho la kulia kwa kiganja chako. Nitajua nani amekuja.

Mdogo wako wa sahani moja.